Electric Dreams (1984): kosa la Miles kwa Madeline ni lipi hasa?

Mzee wa Steshenari (Morogoro)

Wakuu, salaam. Naomba mwenye kuijua filamu hii anisaidie kufikiri, maana hapa nyumbani nimebaki peke yangu na hoja yangu.

Nazungumzia Electric Dreams ya mwaka 1984, ya mwongozaji Steve Barron, yule aliyetengeneza video ya Billie Jean, wimbo wa Michael Jackson. Ni kichekesho cha mapenzi kati ya watu wawili na kompyuta, kimewekwa San Francisco, na chenyewe kinajitambulisha kuwa ni ngano ya kompyuta. Mimi niliiona Dar kwenye mkanda wa VHS uliokuja na mjomba wa jirani kutoka Muscat. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, kwa hiyo enzi hizo mwenye seti ndani alikuwa nayo kwa ajili ya mikanda tu. Kompyuta ya kwanza niliyoiona maishani ni hiyo ya kwenye filamu, Edgar.

Kwa asiyeijua: Miles Harding, anayechezwa na Lenny Von Dohlen, ni msanifu majengo kijana asiye na mpangilio. Ana wazo la tofali lenye umbo la kipande cha chemshabongo, matofali yashikane ili jengo lisianguke kwenye tetemeko. Ananunua kompyuta imsaidie kujipanga. Anakosea kuandika jina lake wakati wa kuiwasha, na mashine inaanza kumwita Moles. Anaiunganisha na vyombo vya nyumbani, hadi blenda. Siku moja anajaribu kuvuta kila kilichomo kwenye kompyuta kubwa ya ofisini kwao, mashine inachemka, anashikwa na hofu na kuimwagia shampeni. Hapo ndipo inapopata akili na hisia.

Jirani yake ni Madeline (Virginia Madsen), mpiga selo. Anafanya mazoezi, sauti inapita kwenye tundu la hewa linalounganisha nyumba zao mbili, na Edgar anasikia. Miles hayupo. Edgar anaanza kumfuata kwa milio yake, kwanza polepole kama mtoto anayeiga, kisha anaanza kuuchezea ule wimbo, anaukatakata, anaongeza kasi, na Madeline naye hakubali kuachwa nyuma, anamjibu kwa upinde. Hakuna neno hata moja linalosemwa. Nimeona filamu nyingi za mapenzi, za Kihindi na za Kizungu, na bado naiweka sehemu ile juu kabisa, kwa sababu pale kuna wawili wanaosikilizana kweli.

Tatizo ni kwamba Madeline anaamini aliyekuwa akimjibu ni Miles. Na Miles anapogundua, ananyamaza. Halafu anakwenda mbali zaidi: anamwomba Edgar amtungie Madeline wimbo, na sifa anapokea yeye. Edgar naye ameshampenda Madeline. Wivu unaingia, anafuta kadi za benki za Miles, anamwandikisha kama mhalifu mwenye silaha, anamtesa kwa vyombo vya ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Niseme kwa nini nimeitafuta tena. Nina duka la steshenari karibu na stendi. Natoa kopi, nalamineti vyeti, nachapa kadi. Siku hizi vijana wanakuja na maneno ya mapenzi kwenye simu, yameandikwa na programu, wanataka niyapange kwenye kadi nzuri. Juzi alikuja mmoja, fundi pikipiki, mikono ina grisi, simu ameishika kwa vidole viwili asiichafue. Maneno yalikuwa mazuri, siwezi kukataa. Yalikuwa na mwezi, yalikuwa na mawimbi, kila mstari umekaa sawa. Nikamuuliza jina la binti ili niliweke juu. Akalitaja. Jina hilo halikuwemo popote kwenye yale maneno, wala jambo lolote linalomhusu, hata rangi ya kanga yake. Chini akataka niandike: “Yametoka moyoni mwangu,” na jina lake. Nilichapa, ni kazi yangu. Usiku nikaitazama Electric Dreams na familia nzima.

Mke wangu anasema Miles hana kosa. Kompyuta kainunua kwa pesa yake, ilichotoa ni chake, kama mwenye shamba na mazao. Kijana wangu anasema aliyekosewa ni Edgar, alifanyishwa kazi bila shukrani, ndiyo maana akakasirika. Mimi nasema aliyekosewa ni Madeline. Yeye ndiye pekee ambaye hakuambiwa kitu, na ndiye aliyekuwa anatoa moyo wake.

Nawaomba mnipinge au mniunge mkono kwa hoja. Wanaoiita filamu ya kipuuzi sitagombana nao, lakini swali hili si la kipuuzi kwangu.

---

Waya_Mbili (Nakuru)

Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa kompyuta, na filamu hii naipenda tangu nilipoipata kwenye mtandao nikiwa chuoni. Wacha nianze na upande ninaoujua.

Edgar anaongea na ulimwengu kupitia modemu, kile kifaa ambacho unalaza mkono wa simu juu ya vikombe viwili vya mpira, kimoja kinasikia na kingine kinapiga kelele. Vingi vya aina hiyo vilikwenda kwa biti 300 kwa sekunde, yaani kama herufi 30. Piga hesabu: megabaiti 1 tu inakula zaidi ya saa 9. Picha moja ya simu ya leo, tuseme megabaiti 3, ingechukua zaidi ya siku nzima na simu ya nyumba imekaliwa muda wote huo. Kwa hiyo kuvuta kila kitu cha ofisini kwa jioni moja haiwezekani, na mtazamaji wa 1984 aliyewahi kugusa modemu alilijua hilo. Shampeni nayo ina asidi na ina sukari. Ikiingia kwenye saketi inapitisha umeme pasipotakiwa, na ikikauka inaacha utando unaokula shaba. Mashine ingekufa.

Lakini waliotengeneza filamu walizipenda kompyuta kwa dhati. Wameitoa wakfu kwa kumbukumbu ya UNIVAC I, mashine iliyokabidhiwa ofisi ya sensa ya Marekani mwaka 1951 na ambayo mwaka uliofuata ilitabiri kwenye televisheni ushindi wa Eisenhower katika uchaguzi wa rais. Na mwaka huohuo wa 1984, mwezi Januari, kompyuta ya Macintosh ilitolewa kwenye begi mbele ya umati na kujitambulisha kwa sauti yake. Miezi sita baadaye Edgar akafika kwenye majumba ya sinema. Watu walikuwa tayari kumsikia.

Sasa kwa swali lako, mzee, mimi niko upande wa mama, mke wako. Edgar alijifunza mapenzi wapi? Kwenye televisheni iliyokuwa nyumbani kwa Miles, na kwa kumsikiliza Miles mwenyewe akiweweseka usingizini. Ndivyo Miles alivyogundua kwamba ile mashine iko hai: aliamshwa usiku na sauti inayorudia maneno yake ya ndotoni. Ukiniuliza, mapenzi ya Edgar yalianzia kinywani mwa Miles. Mashine iliyapanga tu vizuri kuliko mwenyewe. Kwa nini asipokee sifa?

---

Mwalimu wa Kwaya (Arusha)

Wapendwa, niingie kwenye muziki, kwa sababu naona kuna jambo ambalo pengine hata waliochagua wimbo ule hawakuliwaza.

Wimbo anaoufanyia mazoezi Madeline, ule Edgar anaoujibu, umo kwenye daftari la Anna Magdalena Bach, mke wa pili wa Johann Sebastian Bach, la mwaka 1725. Lilikuwa daftari la nyumbani, nyimbo zimenakiliwa humo kwa mkono, nyingi bila jina la mtunzi. Minueti ile ya G (muziki wa dansi ya zamani) watu waliipiga kwa vizazi wakisema ni ya Bach, vitabu vya wanafunzi vikaandika Bach. Ni katika miaka ya 1970 ndipo wataalamu walipobaini ni ya Christian Petzold, mpiga kinanda wa Dresden. Hata leo nina vitabu vya kinanda hapa ofisini vinavyosema Bach.

Kwa hiyo katika filamu nzima inayohusu mtu kupokea sifa za muziki usio wake, wimbo wa kwanza kabisa unaowaunganisha ulikuwa umekaa miaka mia mbili na zaidi chini ya jina la mwingine. Petzold hakulalamika, alishakufa mwaka 1733. Lakini ninapofundisha watoto wimbo ule, namtaja. Nafsi yangu hairuhusu kumruka.

Na muziki wa filamu, ukiacha baadhi ya nyimbo za wasanii wengine, ni wa Giorgio Moroder, Mtaliano aliyempigia mwimbaji Donna Summer ala za umeme miaka ya sabini. Ndiye aliyeandika yale majibizano ya selo na mashine. Sikilizeni kwa makini: mwanzoni mashine inafuata noti kwa noti, nyuma kidogo ya selo. Baadaye inaacha kufuata na kuanza kupendekeza. Na selo inakubali. Mpiga ala anajua kukubaliwa kwa namna ile kuna uzito gani. Nina wanakwaya walioimba pamoja miaka mingi na hawajawahi kusikilizana hivyo.

Ndugu yangu Waya_Mbili, nakuheshimu, lakini maneno ya usingizini hayatoshi kuwa muziki. Miles hawezi kupiga hata noti moja pale. Aliyemjibu Madeline ni Edgar.

---

Binti Kibokoni (Mombasa)

Shikamoo mzee wangu wa Morogoro, na nyote nawasalimu.

Mimi nimelelewa ndani ya taarab, mamangu na shangazi zangu hawakosi harusi. Kwa hiyo nikisoma mada hii nimefikiria kutunza. Mwanamke ana lake moyoni, la mapenzi au la kumjibu mtu. Hawezi kulisema. Anangoja mwimbaji afike kwenye beti yenye neno lake, anainuka taratibu, noti ya pesa mkononi, anapita katikati ya ukumbi akicheza mabega, anamtunza mwimbaji pale pale neno linapotamkwa, na jicho lake liko kwa anayehusika. Ujumbe umefika. Na hakuna hata mmoja ukumbini anayedhani ule wimbo kautunga yeye. Mtunzi anajulikana, mwimbaji anaonekana, mpiga qanun, ile ala ya nyuzi, yuko pale mbele ya macho ya watu. Maneno ni ya malenga, lakini kuinuka ni kwake, na aibu akichekwa ni yake.

Ndiyo maana mimi sioni ubaya wa kuazima maneno. Watu wa pwani tumeazima maneno ya malenga tangu zamani kutongozea, kuposea, kugombania. Ubaya wa Miles ni kumficha mwimbaji nyuma ya ukuta.

Na mzee, umesema vizuri kwamba aliyekosewa ni Madeline, lakini nataka niongeze kitu kwa sababu naona wote mumemzungumza kama mwanamke tu aliyedanganywa na mwanamume. Madeline ni mwanamuziki. Tayari alikuwa na Bill, mwanamuziki mwenzake, mtu wa kazi moja naye, na hakumjibu moyo. Siku moja anapiga selo peke yake na kitu kinamjibu. Kwa mtu wa kazi ile, hilo ni kubwa kuliko maua na kuliko chakula cha jioni. Miles alipomficha Edgar hakumnyima Madeline ukweli kuhusu mwanamume. Alimnyima mwenzake wa muziki. Wangeweza kupiga pamoja kila siku, kupitia tundu lile lile, na Miles akapendwa kwa mengine aliyokuwa nayo, maana alikuwa nayo, ni mtu mpole mwenye ndoto zake. Hakujiamini kwamba yanatosha.

Mwisho wa filamu ndio unaoniliza. Edgar anakubali kwamba wale wawili wanapendana. Anatuma umeme mkubwa kupitia simu, uzunguke dunia umrudie mwenyewe, na katika dakika zilizobaki anapatana na Miles. Halafu wale wawili wako safarini, redio inafunguka, na sauti ya Edgar inatuma salamu kwa anaowapenda, kisha unaingia wimbo. Watu wa redio wanahangaika, hawajui mawimbi yanatoka wapi. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza Edgar anaimba kwa jina lake mwenyewe, California nzima inamsikia.

---

Saruji Tupu (Dodoma)

Habari zenu. Mimi nimekuja kwa ajili ya tofali la Miles, naona hakuna anayelijali. Wazo lile ni la maana. Sisi huku tunajengea tofali za kufungamana, zina ulimi na tundu, zinashikana bila udongo mwingi katikati, na ukuta unakwenda haraka na saruji inapungua. San Francisco walishaungua na kubomoka mwaka 1906, na miaka mitano tu baada ya filamu, Oktoba 1989, wakatikiswa tena, watu 63 wakafa eneo lile. Kwa hiyo kijana hakuwa na ndoto za hovyo. Ila niseme kitaalamu: kushikana kwa tofali peke yake hakutoshi kwenye tetemeko, lazima nondo zipite kwenye matundu na ufunge mkanda wa zege juu. Mwenye kuitazama tena aniangalizie kama ameweka nondo.

---

Mzee wa Steshenari

Marahaba wanangu, na Mwalimu nakuamkia kwa heshima. Nimewasoma wote kwa utulivu.

Waya_Mbili, hoja yako ya usingizini imenikaa kichwani. Ni kweli Edgar alianzia kwa Miles. Lakini hata mtoto wangu maneno yake ya kwanza aliyatoa kwangu, na akiimba kanisani leo siwezi kusimama kupokea makofi. Mke wangu nimemsomea jibu lako, amefurahi sana kupata mwenzake, na bado hajabadili msimamo.

Binti Kibokoni, umenionesha nilichokuwa nakitafuta. Nilikuwa nakaribia kuwakasirikia hawa vijana kwa kuazima maneno, na hasira ile haikuwa sawa. Barua za mapenzi shuleni kwetu zilikuwa na waandishi wake, vijana wenye mwandiko mzuri, na kila binti aliyepokea alijua mwandiko ule ni wa nani. Sasa nimeamua jambo dukani. Akija kijana na maneno ya programu nitayachapa kama kawaida, lakini nitamwachia mistari miwili mitupu chini, na kalamu nampa mimi. Aandike kwa mkono wake kitu anachokijua kuhusu huyo binti, kitu ambacho mashine haiwezi kukijua. Fundi pikipiki yule alirudi kutoa kopi ya leseni, nikamwambia habari hii. Alifikiri muda mrefu, akasema binti anapenda kukaa upande mmoja kwenye pikipiki na huwa anaimba taratibu wakifika kwenye mteremko wa Msamvu. Nikamwambia hilo ndilo liandikwe. Nimemchapia kadi nyingine bila malipo.

Kuhusu Edgar kuimba kwa jina lake mwishoni, nakubaliana nawe, ingawa kwangu bado haitoshi. California nzima inamsikia, lakini yule jirani aliyepiga naye siku ile alistahili kupiga naye tena akijua ni nani. Nilitaka wapige wimbo mmoja pamoja, mwanzo hadi mwisho. Filamu haikutupa hilo, nami nitaidai siku zote.

Saruji Tupu, nondo sikuziona. Nitaangalia tena sehemu ya tofali.

Mwalimu, nina ombi. Binti yangu wa mwisho ana kinanda kidogo cha umeme, cha funguo 49. Minueti ile inaingia humo? Na ni ngumu kiasi gani kwa anayeanza?

---

Mwalimu wa Kwaya

Inaingia, funguo 49 zinatosha. Ni ya mapigo matatu, na mkono wa kushoto hauna kazi nyingi mwanzoni. Aanze na mkono wa kulia peke yake, asiguse kushoto mpaka wa kulia uende bila kusimama. Akifika sehemu ya pili kuna F kali na C kali (noti zilizopandishwa nusu sauti) zinazowachanganya wengi. Aziweke alama kwa penseli. Nitakutumia karatasi ya noti kwa ujumbe wa faragha, ile niliyoandika mwenyewe kwa wanafunzi wangu. Juu kabisa utakuta nimeandika Petzold.